Ernst May na Pesa ya Kahawa

Ukisoma usanifu majengo lazima ukutane na Ernst May wa Frankfurt. Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi mjini humo: zinaingia jua, zina jiko dogo lililopimwa vizuri, kazi ya Margarete Schütte-Lihotzky. Kwa May, mshahara mdogo haukuwa sababu ya kuishi kwenye keja ya giza.

Mimi chuo sikumaliza, na May anayenisumbua ni yule aliyekuja kwetu. Mwaka 1930 alienda Muungano wa Kisovieti kupanga miji. Alipotaka kutoka, Hitler alishashika Ujerumani, na May alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Nyumbani hakurudiki. Mwaka 1934 akafika Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi na kurudia kazi ya kuchora. Vita vilipokuja, Waingereza waliona Mjerumani tu. Wakamfungia Afrika Kusini.

Ungedhani mtu kama huyo angechukia kutenga watu. Wapi! Mpango wake wa kupanua Kampala, alioanza 1945, uliwagawa wakaaji kwa rangi: Waafrika wakapangiwa Naguru na Nakawa. Kuna watakaosema ndivyo mambo yalivyokuwa enzi za mkoloni. Sikubali. Huyu alijua nyumba inaweza kumpa mtu heshima. Alishaijenga heshima hiyo Frankfurt.

Halafu kuna Moshi, mji mdogo chini ya Kilimanjaro. Huko aliyemwita ni KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Wachagga, kilichoanzishwa 1933. Walitaka mjengo wao katikati ya mji, wenye maduka, ofisi, hosteli na mahali pa kusomea. May akauchora, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukasimama. Kampala, Mwafrika alikuwa mtu wa kupangiwa. Moshi alikuwa mteja, anasema anachotaka na analipa.

May alirudi Ujerumani mwishoni mwa 1953, akafa 1970. Sisi huku bado tunajengewa. Ushuru wa nyumba unakatwa kwenye mishahara ya Wakenya, maghorofa yanapanda, na tunabishana kuhusu bei na nani atapata. Mimi ningeanza na swali la Moshi: kama pesa ni yetu, mbona hatukuwa mezani ramani ikichorwa?