Tarehe ya Vladimir na Miji Iliyo Chini Yake

Mkoa wa Vladimir uko mashariki ya Moscow, kando ya mto Klyazma. Wilaya zake ni 16, miji yake ni 23, na makao makuu yake ni Vladimir. Hapo hapana ubishi. Ubishi uko kwenye haki ya kiti: Rostov na Suzdal ilikuwa miji ya wakubwa tangu kale, na Vladimir mdogo wao. Mdogo alikikalia vipi kiti, na wakubwa wangali hai?

Tuanze na kujengwa kwake. Wazee walisema mji ulijengwa na mtawala Vladimir Monomakh mwaka 1108, akauzungushia boma la udongo na magogo juu ya ukingo wa mto. Kwa hesabu hiyo mwaka 1958 mji ulitimiza miaka 850, na mnara wa ukumbusho ukasimamishwa kwenye uwanja wa kanisa kuu, wenye pande tatu na sanamu tatu: askari wa kale, mjenzi na mfanyakazi. Baadaye wakaja wengine na mwaka 990, wakasema mwenye mji ni Vladimir yule aliyewabatiza Warusi, baba wa babu yake Monomakh. Hao nao wana sanamu yao tangu 2007, mtawala juu ya farasi na Askofu Fyodor kando yake kwa miguu. Sisi tunashika 1108. Suzdal umetajwa kwanza mwaka 1024, tena kwa fujo za waganga wakati wa njaa, na hao wa 990 shida yao ni kuupita Suzdal kwa umri. Vladimir hauhitaji kuazima umri.

Aliyeupa mji heshima ni Andrey Bogolyubsky, mjukuu wa Monomakh. Baba yake, Yuri Dolgoruky, alimtaka akae Vyshgorod karibu na Kiev. Mwaka 1155 Andrey akaondoka bila ruhusa, amechukua picha takatifu ya Mama wa Mungu. Wazee wanasema walipokaribia Vladimir farasi waliovuta picha ile walisimama, wakapigwa, wakabadilishwa, wasiende. Hapo akajenga Bogolyubovo. Yuri alipokufa mwaka 1157, watu wa Rostov na Suzdal wakamkubali Andrey awe mtawala wao, naye akaenda kukaa Vladimir. Akajenga kanisa kuu kwa mawe meupe, na Lango la Dhahabu likamalizika mwaka 1164.

Na muujiza wa lango hilo lazima tuueleze. Siku ya kulifungua watu walijaa kutazama, na chokaa haijakauka. Milango ikang'oka, ikawaangukia watu 12. Andrey akaiendea ile picha, akalia na kuomba. Milango ilipoinuliwa, wote 12 wakatoka wazima. Ndivyo ilivyoandikwa, na lango bado lipo, magari yanalizunguka kila siku.

Turudi kwenye habari yetu. Mwisho wa Juni 1174 watu wa nyumbani mwake Andrey walikula njama. Walipofika mlangoni usiku woga uliwashika, wakakimbilia ghala la mvinyo, wakanywa, kisha wakarudi. Andrey akautafuta upanga wake asiuone, kwa kuwa mtunza nyumba, Anbal, alikwisha kuuondoa mchana. Wakamuua.

Hapo wakubwa wakaona wamepata nafasi. Watu wa Rostov wakasema Vladimir ni mji wa watumwa wao na waashi, uchomwe moto au upelekewe liwali kutoka kwao. Wakawaleta wapwa wa Andrey. Vladimir ukazingirwa wiki saba, ukashindwa kwa njaa, na mali ya kanisa kuu ikachukuliwa pamoja na picha. Lakini waashi hawakukubali. Wakamwita Mikhalko, ndugu yake Andrey, wakashinda mwaka 1175. Mikhalko alipokufa wakamwapia Vsevolod mdogo wake, naye tarehe 27 Juni 1176 akawavunja Rostov katika uwanda wa Yuryev. Kesi ikaishia hapo. Kiti kilikuwa cha wale waliokipigania.

Mwaka 1238 Wamongoli wakauteka mji. Mwaka 1299 Maksim, mkuu wa kanisa la Warusi, akahamia Vladimir kutoka Kiev, kisha Moscow ukachukua yote.

Ama miji mingine ni hii. Murom umetajwa tangu 862. Yuryev-Polsky ulijengwa na Yuri mwaka 1152. Alexandrov ndiko alikokaa mfalme Ivan wa Kutisha. Gus-Khrustalny ni wa bilauri, tangu mfanyabiashara Maltsov alipojenga kiwanda mwaka 1756. Kovrov ni wa silaha. Karibu na Kirzhach ndiko mwanaanga Gagarin alikoanguka na ndege mwaka 1968. Vyazniki, Gorokhovets, Melenki, Sudogda na Petushki nayo imo.

Mwaka 1778 Malkia Ekaterina aliufanya Vladimir makao ya jimbo. Mwaka 1929 jimbo likafutwa, na sehemu kubwa ya nchi yake ikawekwa chini ya Ivanovo, mji wa viwanda vya nguo ambao hadi mwaka 1918 ulikuwa ndani ya jimbo la Vladimir. Watu wa Rostov wangefurahi kuiona siku hiyo. Miaka 15 Vladimir uliamriwa na mdogo wake, na sisi tunasema haikuwa haki, kwa sababu Ivanovo haukupigana, ulipewa kwa karatasi. Tarehe 14 Agosti 1944 karatasi nyingine ikaurudishia mkoa wake.

Na Suzdal? Reli ya Moscow hadi Nizhny Novgorod ilipofunguliwa mwaka 1862 ilipita Vladimir na Kovrov, Suzdal ikauacha kando. Leo una watu elfu kumi hivi, makanisa mazuri na watalii wengi. Tangu 1992 UNESCO inayatambua majengo meupe ya miji yote miwili kwa pamoja, na katika orodha hiyo Vladimir umeandikwa kwanza. Suzdal ni makao ya wilaya, na amri zake zinatoka Vladimir.