Nani Alikamua Zabibu?

Kule Stellenbosch, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Cape Town, mvinyo una hadithi yake rasmi na waelekezi wa watalii wameikariri neno kwa neno. Jan van Riebeeck alitia nanga mwaka 1652 kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, na tarehe 2 Februari 1659 akaandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zimetoa divai kwa mara ya kwanza. Simon van der Stel akaanzisha Stellenbosch 1679. Halafu 1688 wakaja Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, wakapewa bonde ambalo leo ni Franschhoek, yaani pembe ya Wafaransa. Hapo unamiminiwa glasi ya pili.

Lakini ni nani aliyekamua hizo zabibu?

Maana piga hesabu tu. Familia chache za wakimbizi hazingeweza kung'oa mawe, kupanda, kuvuna na kukanyaga zabibu kwa miguu mwaka baada ya mwaka. Mpaka Waingereza walipopiga marufuku biashara hiyo 1808, watu wapatao 63,000 walikuwa wameletwa Rasi kama watumwa, kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagascar na Msumbiji. Miaka ya 1770 merikebu za Kampuni zilifika hadi Zanzibar kutafuta watu. Kumbe pwani yetu pia imo ndani ya chupa hizi.

Ukijua hivyo, unaanza kuona vitu. Mashamba mengi ya zamani yana mnara mdogo mweupe wenye kengele, na maharusi hupenda kupigiwa picha hapo. Ni kengele ya watumwa. Ndiyo iliyoamua saa ya kuamka na saa ya kulala. Kuna na majina pia. Cape Town utakutana na watu wenye majina ya ukoo kama September, February au April. Mtu alinyang'anywa jina la babake akapewa la kalenda, na wajukuu wanalo mpaka leo.

Ukivuka mlima kwa barabara ya Helshoogte unateremka Pniel, kijiji cha kanisa jeupe na nyumba ndogo ndogo. Kilianzishwa 1843 na wamishenari kwa ajili ya waliokuwa watumwa. Utumwa ulifutwa 1834, lakini ati "wanagenzi" hao walilazimishwa kubaki kwa mabwana wao miaka minne zaidi, hadi tarehe 1 Desemba 1838. Fidia ililipwa kwa mabwana. Pniel ilikuwa na viwanja vidogo, nayo mashamba makubwa yaliizunguka pande zote, kwa hivyo mtu huru aliamka asubuhi akaenda kumvunia zabibu yule yule wa jana.

Na alilipwaje? Sehemu ya mshahara ilikuwa mvinyo, ule wa bei ya chini, kikombe baada ya kikombe mchana kutwa. Waliuita dop. Mtu akishazoea, tuseme ukweli, haondoki shambani. Sheria ilipiga marufuku mtindo huo miaka ya 1960 lakini mashamba mengine yaliuendeleza hadi miaka ya 1990. Eneo hilo limerekodi baadhi ya viwango vya juu zaidi duniani vya watoto walioathirika na pombe wakiwa bado tumboni. Hayo hutayasikia kwenye meza ya kuonja.

Novemba 2012, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu ya De Doorns, upande wa pili wa milima, waligoma, wakafunga barabara na kuchoma mizabibu. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150. Kuanzia Machi 2013, serikali iliwapa 105.