Nyumba ya Makindu Isiyomuuliza Mgeni Dini Yake

Treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, Makindu haikupewa kituo. Inasimama Mtito Andei, inasimama Kibwezi, kisha inaruka hadi Emali, na mtu wa Makindu anayetaka kuipanda hana budi kuifuata kwa matatu. Kwa mji uliozaliwa na reli, hilo linauma. Lakini barabara haijausahau. Wikendi yoyote ukipita njia kuu ya Mombasa utaona magari yakipunguza mwendo na kukata kona kuingia kwenye lango lenye mlingoti mrefu wa bendera ya rangi ya machungwa. Ndani ya magari hayo mna familia zilizotoka Nairobi alfajiri, watalii waliochoshwa na vumbi la Tsavo, madereva, wanafunzi, kina mama waliotoka sokoni. Ukiwauliza wanakwenda wapi, watakujibu kwa mkato: kwa Makalasinga, kunywa chai.

Hilo ndilo hekalu la Makalasinga la Makindu, kaunti ya Makueni, kama kilomita 160 kutoka Nairobi. Jengo lake ni la mwaka 1926, ila ibada yenyewe inalizidi jengo kwa umri. Nimeifuatilia historia yake kwa sababu kila mara ninakutana na watu wanaotafuta mahali pa kutulia: siku mbili tatu bila simu, bila kelele, pamoja na wenzao wanaojua kukaa kimya. Wengi wao hudhani mahali pa namna hiyo pako India au Thailand, na kwamba lazima uwe na pesa. Hawajui kwamba wamepapita mara kumi wakiwa wamelala ndani ya basi.

Neno Kalasinga linasemekana lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh, ambaye jina lake liligeuka likawa la watu wake wote. Singh ni jina ambalo wanaume wa dini ya Makalasinga, yaani Usikh, hulibeba tangu mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha jamii ya Khalsa kule Punjab. Mwanzilishi wa dini yenyewe ni Guru Nanak, aliyeishi kati ya 1469 na 1539. Alifundisha mambo ambayo hata leo mtoto wa Makindu anaweza kukuhesabia kwa vidole: litaje jina la Mungu moyoni, ule jasho lako, na ulichonacho mgawie mwenzako.

Wafuasi wake waliyaleta mafundisho hayo huku kwa meli. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, waliajiri kwa mkataba watu karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wakitoka Punjab na kupandia meli Karachi. Karibu 2,500 walifia kazini, kwa malaria, kwa kuhara, kwa ajali, na wengine pale Tsavo mwaka 1898, walikovamiwa na wale simba wawili ambao mhandisi Patterson aliwaua Desemba ya mwaka huo. Makalasinga wengi miongoni mwao walikuwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi, watu wa nyundo na patasi. Mwishoni mwa Mei 1899 reli iliingia Nairobi, na mwaka 1901 ukiisha ikawa imefika ziwani, Kisumu.

Kwa nini Makindu? Kwa sababu ya maji. Injini ya mvuke hunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na nchi hii kati ya Tsavo na Athi ni kavu. Makindu kuna mto na chemchemi, na kwa sikio la Mswahili jina lenyewe linasema: mkindu, ule mti wa kando ya maji ambao majani yake hutoa ukindu wa kusukia mikeka. Reli ikapafanya mahali pa kuhudumia treni, na mafundi wakabaki hapo kwa zamu za muda mrefu. Simulizi za hekalu zinasema kwamba miaka hiyo ya mwanzo, kuanzia 1898 hivi, jioni kazi ikiisha watu walikusanyika chini ya mti kuimba na kumsifu Mungu. Na hapa ndipo simulizi inaponishika: hawakuwa Makalasinga peke yao. Wahindu walikuja, Waislamu walikuja. Wote walikuwa mbali na kwao, wote wamezika wenzao njiani, na mti ulikuwa mmoja.

Hatuwezi kuusimulia mti huo bila kusimulia kilichokuwa kikiwapata wenyeji wa nchi miaka hiyohiyo. Ukamba ulikuwa ukifa njaa. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe mapema katika mwongo huo, mvua zikakosa msimu baada ya msimu, na ndui ikaingia kwenye miili iliyokwisha kudhoofika. Wazee wanaiita Ngomanisye, na hakuna njaa inayotajwa kwa sauti ya chini kuliko hiyo. Watu walihama vijiji vizima. Wengi walielekea kwenye reli, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na magunia ya mchele ulioletwa kutoka India. Kwa hiyo bibi zetu wa kale waliijua reli kwanza kama njia ya chakula, kabla haijawa njia ya safari wala ya biashara. Nikiwaza juu ya nyumba iliyokuja kusimama hapo, ambayo kazi yake kubwa ni kulisha wapita njia, siwezi kuitenganisha na magunia yale, ingawa najua hakuna aliyeyapanga hayo mawili pamoja.

Wala nchi hii haikuwa ngeni kwa watu wanaoomba kwa lugha nyingine. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alipofika Kitui, aliyempokea kwake ni Kivoi, mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilishuka hadi Mombasa. Akiwa mgeni huko Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf aliuona Mlima Kenya. Na Desemba 1895, kabla hata reli haijaanza, Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha misheni ya Africa Inland pale Nzaui, ambapo leo ni Makueni. Hakumaliza mwaka, homa ilimuua Desemba 1896.

Turudi kwenye mti. Karibu na mwaka 1902 ibada iliingia chini ya paa la mabati, na mwaka 1926 Makalasinga wa reli wakajenga hekalu. Kisha likatokea lile linalotokea kwa miji yote ya reli. Kazi zilihamishiwa kwingine, familia zikafuata kazi, na Makindu ikabaki na nyumba ya ibada yenye waumini wachache sana. Kote kando ya ile reli ya zamani kuna majengo ya aina hiyo, kuta nzuri zisizo na paa. La Makindu halikufa. Makalasinga wa Nairobi na kwingineko waliendelea kulifuata, wakilitengeneza na kuliongezea vyumba, na barabara ya lami ilipokamilika, wasafiri wakajiunga nao.

Wengine watasema ni miujiza, na simulizi za miujiza zipo, za mwanga ulioonekana usiku hapo hekaluni. Sina neno la kuzipinga. Ila naona nguvu ya mahali hapa iko jikoni.

Makalasinga wana desturi inayoitwa langari: jiko la hekalu linalopikia kila mtu bure. Ilianzishwa na Guru Nanak katika nchi ambako watu wa tabaka moja hawakuweza kula na watu wa tabaka jingine. Yeye alisema wakae mstari mmoja, chakula kimoja. Inasimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme wa Wamughali, alipokwenda kumzuru Guru Amar Das, ilimbidi kwanza aketi chini na watu wa kawaida ale. Hapa Makindu hakuna mfalme, lakini nimemwona daktari wa Nairobi na utingo wa lori wakipakuliwa na mkono uleule. Unavua viatu, unanawa, unafunika kichwa kwa kitambaa wanachokupa au kwa leso yako mwenyewe. Huingii na sigara wala pombe. Baada ya hapo hakuna anayekuuliza jina, kabila wala dini. Unapewa chapati, wali, mchuzi wa dengu, mboga, chai nzito ya maziwa. Ukitaka kutoa sadaka, unatoa; usipotoa, hakuna atakayekutazama.

Mkenya anayekula pale hahisi ugeni kinywani. Chapati na ndengu ni chakula chetu cha mtaani siku zote, na ndengu zenyewe hulimwa kwa wingi Kitui na Makueni. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuacha muthokoi wake kwa chakula cha mtu yeyote, aliionja sahani ile mara ya kwanza akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hawa nao ni watu wa kwetu."

Unaweza pia kulala. Hekalu lina vyumba vya wageni, na hapo ndipo msafiri wa chai anapogeuka kuwa kitu kingine. Niliwahi kulala usiku mmoja wakati usomaji wa Akhand Path ukiendelea. Kitabu chao, Guru Granth Sahib, kina kurasa 1,430, na husomwa chote bila kukatizwa kwa muda wa kama saa 48, msomaji akimpisha msomaji. Saa tisa usiku nilikwenda nikaketi kwenye zulia. Mbele, mzee mwenye kilemba cha buluu alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, isiyopanda wala kushuka. Nyuma yangu palikuwa na watu wanne, mmoja wao kijana Mkamba aliyefumba macho. Sikuelewa neno hata moja. Baada ya muda niligundua kwamba pumzi yangu imeanza kufuata mwendo wa sauti ile, na kwamba yale niliyokuja nayo kifuani yametulia kama maji ya mtungi. Mzee mwingine akaja taratibu, akaketi kando ya msomaji, akaidaka sentensi katikati, na wa kwanza akainuka. Hakukuwa na ufa kati ya sauti mbili.

Wafuasi wa Buddha, ambao kwa wengi ndio wenye jina la kukaa kimya, nao wana historia huku kwetu, na inafanana na hii kuliko tunavyodhani. Wasinhala waliofika Dar es Salaam mapema katika karne ya 20 walijenga hekalu Upanga na kupanda mti wa mbodhi, mti ambao Buddha aliketi chini yake. Watu wachache, mbali na kwao, na mti mmoja: ni hadithi ya Makindu kwa jina lingine. Uganda imekwenda mbele zaidi. Kijana wa Kiganda aliyekwenda kusoma India mwaka 1990 alikutana huko na watawa wa Thailand, akaishika njia yao, akawekwa wakfu kuwa mtawa Marekani mwaka 2002 kwa jina la Bhante Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha Uganda Buddhist Centre karibu na Entebbe. Huko Waganda hujifunza kutafakari kutoka kwa mwenzao. Na hapa Kenya zimekuwa zikifanyika kozi za Vipassana za siku 10 za ukimya, kwa utaratibu wa mwalimu S. N. Goenka aliyezaliwa Burma. Hizo nazo hazina ada. Anayemaliza hutoa akitaka, ili atakayemfuata apate nafasi.

Nadhani wote hao wameona jambo moja. Mtu hajiungi na jamii ya ibada kwa sababu amesadikishwa na mafundisho. Mafundisho huja baadaye, au hayaji kabisa. Anajiunga kwa sababu siku ya kwanza alipokewa, siku ya pili akapewa kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wamezoea kuichukua methali hiyo kama njia ya kumfukuza mgeni. Makindu ilinifundisha kuisoma vingine. Jembe ndilo linalomfanya mgeni aache kuwa mgeni. Wao huita kazi hiyo seva, kujitolea bila kuhesabu, nayo haina cheo: tajiri hupanga viatu vya watu mlangoni, mwanafunzi huosha sahani.

Asubuhi ile baada ya usomaji nilikwenda jikoni, nikauliza kama naweza kusaidia. Mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa akisimamia moto hakuniuliza nimetoka wapi. "Mwanangu, nawa mikono," alisema, akanisogezea kibao na kijiti cha kusukumia chapati. Kando yangu alikuwa bibi wa Kipunjabi aliyekuja kutoka Nairobi na wajukuu wake; alikuwa akikata madonge ya unga kwa kiganja bila kutazama, kila donge sawa na mwenzake. Tulifanya kazi karibu saa nzima, tukisikia sauti ya msomaji kwa mbali. Walizungumza wao wawili, Kiswahili chao kikipita juu ya meza: bei ya unga, mvua ya Kitui iliyochelewa, goti la bibi linalomsumbua akipanda ngazi.

Kisha utingo akachungulia mlangoni, kofia mkononi, akatafuta wa kumwambia. Basi lao lilikuwa limeharibika pale mbele, abiria walikuwa thelathini na kitu, kuna watoto. Aliyasema hayo kama mtu anayejiandaa kueleza zaidi. Lakini mama alikwisha kugeuka, akavuta sufuria kubwa ya chai juu ya moto, na bibi akaanza kuhesabu vikombe.