Kutoka Lenzi hadi Retina: Historia ya Elimu ya Kuona

Wataalamu wa Ugiriki ya kale walitofautiana sana kuhusu namna jicho linavyoona. Euclid na, baada yake, Ptolemy walishikilia kwamba miale hutoka jichoni na kukifikia kitu kinachotazamwa, ilhali Aristotle aliamini kuwa jicho hupokea athari kutoka nje. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliongeza fundisho lililodumu kuliko mengine, kwamba kiungo kinachohisi nuru ni lenzi, yaani ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni.

Mzozo wa miale ulipata hoja nzito kutoka kwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Kairo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika Kitab al-Manazir katika juzuu saba. Alisema kwamba anayetazama jua huumia macho, na aliyekikodolea macho kitu chenye mwanga mkali huendelea kuona umbo lake hata akigeukia gizani; kwa hiyo nuru ndiyo inayoliathiri jicho. Alipanga pia taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, kila taa ikatoa doa lake la mwanga ukutani, na alipoifunika mojawapo, doa lake peke yake likatoweka, ishara kwamba nuru hupita katika tundu moja bila kuchanganyika. Hata hivyo, mtaalamu huyu mkubwa hakuachana na lenzi ya Galen, kwa kuwa alitaka picha ihisiwe kabla miale haijapishana na kuigeuza juu chini.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na kupigwa chapa Basel mwaka 1572. Katika mji huohuo, mwaka 1583, tabibu Felix Platter alitamka kwamba kinachohisi ni retina, utando ulio nyuma ya jicho, na kwamba kazi ya lenzi ni kuisaidia tu. Johannes Kepler, mwanahisabati wa mfalme mkuu huko Prague, alilichukua wazo hilo na mwaka 1604 akaonyesha kwamba miale yote inayotoka nukta moja ya kitu na kuingia kwenye mboni hupindwa na kukusanywa tena katika nukta moja juu ya retina, hivyo kwamba picha huchorwa pale ikiwa imepinduka. Ukuu wa Kepler umo katika kulikubali jambo ambalo waliomtangulia walilikwepa, na katika kutenga maswali mawili yaliyokuwa yamefungamana: picha inaundwaje, na nafsi inaitambuaje. La kwanza alilijibu. La pili aliwaachia wengine.

Mwaka 1637, René Descartes alieleza jinsi ya kuithibitisha picha hiyo iliyopinduka kwa jicho la ng'ombe aliyekufa: ngozi za nyuma zikatwe kwa uangalifu, pawekwe karatasi nyembamba au ganda la yai, kisha jicho lipachikwe kwenye tundu la dirisha la chumba chenye giza. Aliyesimama ndani ataona juu ya ganda picha ya vitu vya nje, vimepinduka, vikiwa na rangi zake.

Swali la jinsi retina inavyohisi lilisubiri hadubini. Mwaka 1866 Max Schultze alizibainisha seli zake za aina mbili, za vijiti zinazofanya kazi katika mwanga hafifu, na za koni zinazotumika mchana na kutambua rangi. Muongo mmoja baadaye Franz Boll aliona kwamba rangi nyekundu ya retina ya chura hufifia ikipigwa na nuru. Katika miaka ya 1930 George Wald aligundua kwamba kemikali yenye rangi hiyo, iliyomo katika seli za vijiti, hutengenezwa kwa vitamini A, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Ndiyo maana mtoto anayekosa vitamini hiyo hushindwa kwanza kuona giza linapoingia, na ndiyo sababu matone yake hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 katika nchi nyingi za Afrika.