Yuniti 75 za bei nafuu na nyumba yenye mita moja

Ukinunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu, ujumbe unaorudi una mambo mengi kuliko zile tarakimu 20 tunazokimbilia kuzibonyeza kwenye mita. Kwa mteja wa nyumbani aliye kwenye tarifu ya T1, hesabu huwa hivi: umeme wenyewe 8,196.72, VAT 1,475.41, EWURA 81.97, REA 245.90. Anapata yuniti 28 na chenji. Kama ndiyo mara ya kwanza kununua mwezi huo, kodi ya jengo inakatwa kwanza ndipo hesabu ianze.

Sasa mchukue jirani yake aliye kwenye tarifu ya D1. Yeye akilipa 9,150, kodi zote ndani, anapata yuniti 75. Nguzo ni ileile, waya ni uleule. Hiyo tofauti ndiyo msaada wa serikali kwa watumiaji wadogo wa umeme, na ni msaada wa maana: yuniti 75 hizohizo kwa bei ya T1 ni kama 26,700. Swali langu ni la kihistoria. Kwa nini msaada huu, katika mitaa ya Temeke na Kinondoni yenye wapangaji wengi, unafika kwenye nyumba lakini hauingii vyumbani?

Tuanze na nyumba yenyewe. Umeme ulifika Dar es Salaam mwaka 1908 chini ya Wajerumani, ukahudumia karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wakoloni. Waingereza wakaja na idara ya serikali ya umeme mwaka 1920, kisha mwaka 1931 kazi ikaenda kwa kampuni binafsi: DARESCO kwa Dar na miji ya reli ya kati, TANESCO kwa upande wa Tanga. Mwaka 1964 serikali ya Mwalimu ilinunua hisa, na baadaye likabaki jina moja tu, TANESCO. Katika miaka yote hiyo Mwafrika wa kawaida wa Dar alikuwa mtu wa mafuta ya taa.

Magomeni, Temeke na Kinondoni zilipimwa na kujengwa kwa wingi katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kwa ajili ya Waafrika. Nyumba iliyotawala huko ni ile tunayoijua wote: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Ramani hiyohiyo ikarudiwa Manzese, Tandika, Mtoni na Mbagala, mitaa ambayo mingine, katika miaka ya 1970 na kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilichorewa barabara na kuvutiwa maji badala ya kubomolewa. Kila chumba ni kaya yenye sufuria zake na bajeti yake. Umeme ulipofika, ukafungiwa mita moja kwa nyumba nzima, kwa sababu mwombaji alikuwa mmoja: mwenye nyumba.

Kabla ya kurudi kwenye mita, lazima tupitie mafuta ya taa, maana huko ndiko serikali ilikojifunza (au haikujifunza, kutegemea unaongea na nani) jinsi msaada unavyopotea njiani. Kwa muda mrefu mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli. Mantiki ilikuwa nzuri tu: anayewasha koroboi na kupikia stovu ya utambi ni mtu wa kipato cha chini, asibebeshwe kodi ya mwenye lori. Lakini mafuta hayana macho ya kumtambua mtu wa kipato cha chini. Wafanyabiashara wakaona faida ya kuyachanganya kwenye dizeli na kuyauza kwa bei ya dizeli. Mchezo huo ndio ulioipa lugha yetu neno "uchakachuaji", ambalo katika uchaguzi wa 2010 lilikuwa limeshahamia kwenye kura. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa. Haikutosha. Katika bajeti ya Juni 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita.

Kwa mwenye gari ilikuwa ahueni, kwa sababu faida ya kuchanganya ilikatwa. Kwa mama wa Tandika aliyekuwa akinunua mafuta kwa kipimo cha chupa, ilikuwa bei mpya ya chakula cha jioni. Hakuwa amechakachua chochote. Msaada ulifungwa kwenye bidhaa. Wajanja walipoikamata bidhaa, msaada ukafutwa, na yeye akafutwa nao. Ukiniuliza, hii ndiyo sura iliyosahaulika zaidi katika historia ya nishati ya kaya za jiji hili. Tunazikumbuka Richmond na mgawo, hili tunalikumbuka kama habari ya magari.

Tarifu ya bei nafuu kwa matumizi madogo si ubunifu wetu. California ilipitisha sheria yake mwaka 1975, baada ya bei za mafuta kulipuka duniani. Afrika Kusini ilianza mwaka 2003 kutoa yuniti 50 za bure kwa mwezi kwa kaya maskini. Wazo ni lilelile: kuna kiasi cha umeme ambacho ni lazima, taa, redio, kuchaji simu, pasi kidogo, na kiasi hicho kiuzwe chini ya gharama. Wanaotumia zaidi ndio wafidie.

Kwetu, katika bei za Januari 2012, yuniti 50 za kwanza za D1 ziliuzwa shilingi 60 kila moja, na zilizozidi hapo 273. Bei za Januari 2014 zikabadilisha vyote viwili: kikomo kikapanda hadi yuniti 75, bei ikawa shilingi 100, na ukizidi hapo 350. Magazetini ilisomeka kama wananchi wa chini wameongezewa nafuu. Hebu tupige hesabu, bila kodi. Aliyetumia yuniti 75 alikuwa analipa 9,825, akashuka hadi 7,500. Safi. Aliyetumia 40 alikuwa analipa 2,400, akapanda hadi 4,000. Yaani katika mabadiliko yaleyale, mwenye friji alipata punguzo na mwenye taa mbili na chaja alipandishiwa kwa theluthi mbili. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo, lakini kikomo na bei vikisogezwa pamoja hutokea, na watu wengi huangalia kimoja tu.

Wateja wa T1 nao walipata chao Aprili 2016: bei ilishuka hadi shilingi 292 kwa yuniti, na ile tozo ya huduma ya 5,520 kila mwezi ikaondolewa. Mwisho wa mwaka huo EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5 lianze 1 Januari 2017. Waziri akalisitisha kabla halijaanza, na siku hiyohiyo ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO. Ndiyo maana 292 imekaa miaka yote hii. Kuzuia bei isipande ni msaada pia, ila humsaidia zaidi anayetumia zaidi.

Turudi kwenye ile nyumba ya korido, tuingie na kalamu. Tuseme ina vyumba sita vya kupanga, kila kimoja kinatumia yuniti 30 kwa mwezi: taa, televisheni ndogo, feni wakati wa joto. Hakuna chumba kinachokaribia 75. Lakini mita ni moja, nayo inasoma 180, kwa hiyo nyumba iko T1. Bili ni karibu 64,100. Ukigawa kwa sita, kila chumba 10,690 hivi. Kila kimoja kingekuwa na mita yake ya D1, kingelipa 3,660. Wapangaji wanalipa karibu mara tatu ya bei ambayo sheria iliwakusudia, kwa sababu wanaishi ukuta kwa ukuta. Kijana anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye mita yake, mwenye kipato kuliko wote sita, anaweza kabisa kuwa D1. Na hapo sijagusa ugomvi wa kugawana, nani ana friji, nani anapiga pasi usiku. Wenye nyumba wengine wamefunga mita ndogo za ndani, ambazo zinapunguza ugomvi tu, maana tarifu inafuata mita ya TANESCO.

Mita hiyohiyo ikapewa kazi nyingine Agosti 2021, kukusanya kodi ya majengo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kisheria kodi ni ya mwenye jengo. Kiuhalisia inakatwa kwa anayenunua umeme, na anayenunua ni mpangaji. Ile asilimia 3 ya REA inapeleka umeme vijijini, jambo jema, ila mpangaji wa Mbagala anaichangia kwa bei ya T1 kumsaidia mwanakijiji ambaye mwenyewe atalipa D1. Hata mitungi ya gesi ya kilo 6 ambayo REA imeiuza kwa nusu bei, sambamba na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024, ililenga zaidi vijijini. Na ukishaupata, kuujaza ni bei ya dukani.

Suluhisho linaonekana rahisi: kila chumba mita yake. Gharama ya kuunganishiwa mjini ilishushwa mwaka 2013 hadi 320,960, baadaye ikaja enzi ya 27,000, kisha Januari 2022 mijini ikarudi 320,960. Mpangaji wetu angeokoa kama 7,000 kwa mwezi. Angehitaji karibu miaka minne kurudisha hela hiyo, kwenye chumba anacholipia kodi ya miezi sita sita, na siku akihama mita inabaki ukutani kwa mwenye nyumba.