Kurekebisha Hati ya Madai katika Mashauri ya Pango la Duka

Watu wengi hudhani kwamba shauri hushinda au kushindwa kwa ushahidi peke yake. Lakini kabla shahidi hajaapishwa, imekwisha kufika mahakamani karatasi moja, nayo ni hati ya madai. Na neno lililoandikwa vibaya humo laweza kumpotezea mtu haki yake. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi ruhusa ya kuirekebisha hati hiyo ilivyopatikana, na mfano nitautwaa katika mashauri ya mwenye jengo na mpangaji wa duka.

Asili ya sheria hii ni Uingereza. Huko, kwa karne nyingi, kila dai lilikuwa na umbo lake maalumu, na aliyechagua umbo lisilofaa alishindwa hata kama haki ilikuwa yake. Njia ya kale ya kudai ardhi ilikuwa ndefu na ngumu. Basi mawakili wakabuni hadithi. Katika hati iliandikwa kwamba ardhi imekodishwa kwa mtu aitwaye John Doe, naye amefukuzwa na mwingine aitwaye Richard Roe. Watu hao hawakuwako duniani, na kila mtu mahakamani alijua hivyo. Hadithi hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1852, na sheria za 1873 na 1875 zikamaliza utawala wa yale maumbo ya kale. Mwaka 1884, katika kesi ya Cropper na Smith, Jaji Bowen alieleza kwamba kazi ya mahakama ni kuamua haki za watu, si kuwaadhibu kwa makosa waliyoyafanya katika kuendesha mashauri yao. Miaka mitatu baadaye, katika kesi ya Weldon na Neal, ukawekwa mpaka: marekebisho hayawezi kufufua dai ambalo muda wake umekwisha kupita.

Fikra hizo zilitufikia kwa njia ya Bara Hindi. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya huko, ya mwaka 1908, ilitumika Tanganyika hata ilipotungwa yetu wenyewe mwaka 1966. Na kanuni ya 17 ya Amri ya VI, ihusuyo marekebisho, ikabaki na nambari yake ile ile. Mwaka 1958, katika kesi ya Eastern Bakery na Castelino, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kusema kwamba marekebisho yaombwayo kabla ya shauri kusikilizwa yaruhusiwe bila uzito, maadamu upande wa pili hauonewi na hasara yake yaweza kufidiwa kwa gharama. Lakini dai la namna moja haliwezi kuondolewa na jingine kabisa kutiwa mahali pake. Kwa lugha yetu twaweza kusema kwamba kurekebisha si kubadili. Fundi cherehani aweza kuipunguza kanzu mikono; hawezi kumrudishia mwenyewe suruali.

Tuchukue mfano. Mwenye jengo adai kwamba mkataba wa duka umekwisha, na mpangaji hataki kutoka. Katika hati yake aandika kwamba adai “kodi” ya miezi minne iliyofuata mwisho wa mkataba. Neno hilo lampinga mwenyewe, kwani kodi hulipwa na mpangaji. Na akiwa mtu yule angali mpangaji, kwa nini atolewe? Alilopaswa kudai ni fidia ya kukalia jengo pasipo haki. Kosa kama hili laweza kurekebishwa, kwa kuwa kiini cha ugomvi ni kile kile.

Lakini si kila karatasi hurekebishwa hivyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 1965, iliyowalinda wapangaji wa maduka na hoteli, ilimtaka mwenye jengo atoe ilani ya miezi isiyopungua miwili, yenye kutaja sababu zake. Ilani isiyotaja sababu haikuwa na nguvu. Hati ya madai ni maneno yaambiwayo mahakama, nayo yaweza kusahihishwa mbele yake. Ilani ni maneno aliyoambiwa mpangaji, naye ameyategemea katika kuamua kubaki au kuhama, kuagiza bidhaa au kuziuza. Kuyageuza baadaye ni kumwondolea ule muda aliopewa na sheria.

Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Mwaka 2021 Tanzania ilitunga sheria kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo tofauti ya kodi na fidia, ya ilani na hati, ya kurekebisha na kubadili, si jambo la kamusi tu. Tukiyaacha maneno haya yachanganyike, atakayelipa gharama ni mwenye duka, na huenda marekebisho yakamfikia amekwisha kufungiwa mlango.