Kashata ya Idi na Safari ya Maneno

Walimu wenzetu, chakula nacho ni kitabu cha historia. Kila Idi inapokaribia, sisi hapa Bujumbura huandaa kashata pamoja na watoto. Sukari huyeyushwa sufuriani, hutiwa karanga zilizokaangwa na kupondwa, kisha mchanganyiko humiminwa katika sinia lililopakwa mafuta na kukatwa kabla haujaganda. Tanuri haihitajiwi.

Katika kipande hicho kimoja safari nyingi zimekutana. Asili ya mkaranga ni Amerika ya Kusini. Neno sukari tulilipata kwa Waarabu, na chimbuko lake la mbali ni Bara Hindi. Kiswahili chenyewe kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya karne ya 19, kikapitia Tabora hadi Ujiji, kisha kikafuata Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Mji wetu, ulioitwa Usumbura hadi mwaka 1962, ukakipokea. Nao mtaa wa Buyenzi ukawa maskani yake. Pwani kashata aghalabu ni ya nazi. Huku kwenye michikichi, karanga imeshika nafasi hiyo.

Wapo wanaokiita Kiswahili mgeni katika Burundi. Basi na waiamuru karanga irudi kwao! Kilichopikwa nyumbani kwa vizazi kadhaa ni cha nyumbani. Hivyo, mwalimu, kabla ya kuandika ubaoni ngeli ya neno kashata, waache wanafunzi walionje kwanza.